Kufungua tena sekretaria baada ya vakansi kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye sekretaria za Lubumbashi, wanaofanya fotokopi, kuchapa, kuskani na kujazia watu fomu, kuanzia vibanda vya Katuba na Kenya hadi meza za njia ya Kasapa. Wengi hufunga Julai shule zikishafunga, mlango unakaa na kufuli wiki sita au nane za kiangazi, kisha rantre, yaani kufunguliwa kwa shule, inawakuta na mashine zilizokauka na wateja wasiojua kama duka bado lipo.

Nirudi lini?

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, lakini fotokopi za rantre zinaanza kabla: wazazi wanatafuta kopi za buletini na vyeti vya kuzaliwa, na waliofaulu Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) wanatayarisha dosie za universite. Anayefungua siku ile ile shule zinapofunguliwa amekwisha kupoteza wiki nzuri kuliko zote. Lenga wiki ya tatu ya Agosti. Wewe mwenyewe ingia siku tatu kabla ya siku uliyotangaza. Betri ya ondileri (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) inataka siku nzima kujaa, printa ya wino iliyoziba inaweza kutaka usiku mzima wa kupumzika, na siku ya tatu ni ya kwenda mjini kutafuta kipuri ambacho hukujua kwamba utakihitaji. Anayewasha mashine asubuhi ya kufungua anazitengenezea mbele ya wateja, na wateja wana macho.

Nikifungua mlango, naanza na nini?

Usichomeke kitu chochote. Kiangazi cha hapa hakina mvua tangu Mei, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumba kilichofungwa vizuri. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia. Ukifagia pakavu, vumbi linapaa na kutua ndani ya mashine. Vitambaa ulivyofunikia vitoe vikiwa vimekunjwa, ukavikung'utie nje. Futa kuanzia juu kwenda chini.

Kisha angalia waya moja moja kwa mkono na kwa jicho. Panya hupenda waya laini za umeme na za USB, na mende hupenda joto la printa. Fungua kila kifuniko, toa trei ya karatasi, geuza. Kwenye kompyuta ya mezani, fungua ubavu na utumie brashi mpya ya rangi iliyo kavu. Ukipuliza feni, ishike kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa nguvu ya upepo kunaharibu mhimili wake. Ukikuta waya umetafunwa hadi shaba inaonekana, usiufunge kwa plasta ya hospitali. Badilisha.

Naweza kuwasha vyote mara moja nione vinavyofanya kazi?

Hapana. Umeme wetu ni volti 220, lakini kinachofika kwenye priza mara nyingi ni kitu kingine, hasa jioni mtaa mzima unapopika. Pima kwanza kwa kipima umeme. Ukiona chini ya 190 au juu ya 245, acha, au pitisha kwenye stabilizateri. Ikiwa ni sawa, washa stabilizateri ikiwa peke yake, ngoja dakika tano, kisha kompyuta, kisha printa moja, kisha nyingine. Kitu kikilipuka utajua ni kipi. Umeme ukikatika na kurudi, chomoa yote na ungoje dakika chache: unaporudi huja ukicheza.

Ondileri inalia bila kunyamaza. Imekufa?

Pengine ina njaa tu. Betri ya risasi iliyoachwa miezi miwili inajimaliza yenyewe polepole. Ichomeke bila kuipa mzigo, uiache saa 24. Baadaye ichomoe, ngoja saa chache, kisha pima betri yenyewe: ile ndogo ya volti 12 ikiwa nzima inasoma kama 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12 baada ya kuchajiwa siku nzima, sahani za ndani zimeshika chumvi na haitarudi. Nunua betri peke yake (nyingi ni za volti 12, ampea-saa 7), usinunue ondileri nyingine. Hata ikitunzwa, betri ya namna hiyo hudumu miaka mitatu hadi mitano.

Na printa ya tona (ya wino wa unga) haichomekwi kwenye ondileri. Sehemu yake ya kupasha moto inavuta wati mia kadhaa, hata karibu elfu moja, kwa mikupuo. Ondileri ndogo inazimika au inaungua.

Grupe (jenereta) ilikuwa nzima Juni. Sasa navuta kamba mpaka bega linauma.

Ni esansi (petroli). Ikizidi kama mwezi mmoja inaanza kuchacha, na iliyobaki kwenye kabureta inakauka na kuwa gundi inayoziba kijitundu cha jeti. Kumwaga esansi mpya juu ya ile ya zamani hakusaidii. Mwaga yote ya tangi, legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage na ile ya kwenye bakuli lake, kisha tia mpya. Fungua bujia (plagi ya cheche), isugue kwa brashi ya waya; nafasi ya ncha zake kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.7 hadi 0.8. Angalia oili, maana injini nyingi za nguvu-farasi 5.5 zinabeba lita 0.6 tu, na upungufu mdogo unatosha kuiua, au kuizima ikiwa ina kinga. Ikiwa bado haiwaki, kabureta ifunguliwe na jeti isafishwe.

Ikiwaka, iache dakika tano bila mzigo. Iwekwe nje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu waliokaa chumbani, na barza iliyozungukwa na ukuta pande tatu nayo ni chumba.

Printa ya wino inatoa mistari, au rangi moja imepotea kabisa.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye majibu mabaya mengi mtaani. Kichwa cha printa kina matundu membamba kuliko unywele. Wino ukikaa wiki nyingi bila kutembea, maji yake yanaondoka na rangi inabaki imeziba. Hewa kavu ya kiangazi inaongeza kasi.

Chapa kwanza ukurasa wa kupima matundu, ule wenye vijistari vya rangi nne. Usisafishe kabla ya kuuona, maana bila huo hujui kama kusafisha kunasaidia. Safisha kichwa mara moja kwa menyu ya printa, chapa ukurasa tena, linganisha. Rudia hadi mara tatu. Ikiwa vijistari vinarudi kidogo kidogo, uko njiani. Ikiwa havibadiliki, simama. Izime kwa kitufe chake na uiache saa 12 bila kuigusa: wino mbichi uliovutwa unalainisha uliokauka. Asubuhi safisha mara moja tena. Mara nyingi kinachoshindikana jioni kinakubali asubuhi.

Kosa la kawaida ni kusafisha mara kumi mfululizo kwa hasira. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji ya taka iliyo ndani ya printa, na printa inahesabu. Hesabu ikijaa, mashine inajifunga na taa mbili zinapepesa. Utakuwa umemaliza wino na kujitafutia tatizo la pili. Kosa lingine ni kutia pombe kali au maji ya bomba kwenye kichwa. Maji ya bomba yana chokaa. Kama lazima ulainishe kwa mkono, tumia maji yaliyochujwa ya betri (maji tu, si asidi) kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, na ukiweke chini ya kichwa dakika kumi.

Kwenye printa za matangi, tazama pia mirija. Ukiona vipande virefu vya hewa kati ya wino, tatizo ni mirija, na kusafisha kichwa kwa kawaida hakutoshi.

Printa ya tona nayo?

Hiyo haikauki, kwa hiyo kazi ni ndogo. Unga hushuka upande mmoja kartushi ikikaa. Itoe, ishike kwa mikono miwili ikiwa imelala, itikise taratibu mara tano au sita kulia na kushoto, irudishe. Usiiache juani wala karibu na dirisha, maana ngoma yake ya kijani au ya buluu inaharibiwa na mwanga. Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa kikavu, kisha osha mikono kwa maji baridi. Maji ya moto yanauyeyusha na kuushikiza. Doa linalojirudia kwa umbali ule ule kwenye kila ukurasa linatoka kwenye kitu kinachozunguka, mara nyingi ngoma. Pima umbali kwa rula kabla ya kwenda kwa fundi, atakuheshimu.

Kopi zina mstari mweusi toka juu hadi chini, lakini kioo nimekisafisha.

Weka karatasi kwenye kioo kikubwa, piga kopi. Halafu piga kopi ya karatasi ile ile kwa kuipitisha kwenye kivuta-karatasi cha juu. Mstari ukitokea kwenye ya pili tu, uchafu uko kwenye kile kioo chembamba kilicho pembeni ya kioo kikubwa, ambacho watu wengi hawajui kama kipo. Punje moja ya vumbi inatosha, kwa kuwa karatasi ndiyo inayotembea na kioo kimesimama. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usinyunyizie maji mashineni moja kwa moja.

Na ukiwa hapo, inua kifuniko utazame kama kuna kadi ya uchaguzi ya mtu. Huwa ipo.

Karatasi zilizobaki toka Juni zinafaa?

Za kwenye rame iliyofungwa, ndiyo. Zilizokaa kwenye trei, tupa kumi za juu zenye vumbi, zilizobaki zipepee kwa vidole kabla ya kuzirudisha, kwa sababu hewa kavu inazifanya zishikane na mashine inavuta mbili kwa pamoja. Mashine ikikataa kuvuta kabisa, mpira wa kuvutia umekuwa laini kama kioo. Ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Rame ya A4 ya gramu 80 yenye karatasi 500 ina uzito wa karibu kilo 2.5. Ukinunua mpya na inakuwa nyepesi mkononi, ipime kabla ya kulipa.

Kompyuta imewaka lakini tovuti zote zinasema muunganisho si salama.

Tazama tarehe. Betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032, ikiisha, kompyuta inarudi miaka nyuma, na tovuti zinaona vyeti vya usalama kama vya wakati ambao haujafika. Rekebisha saa na tarehe, kisha badilisha betri.

Kabla ya kuiunganisha na simu yako, fungua paramètres, nenda kwenye mtandao unaoutumia, uwashe "Connexion limitée". Bila hivyo, maboresho ya miezi miwili yatashuka yote pamoja na mega zako zitakwisha kabla mteja wa kwanza hajakaa. Yashushe usiku, siku moja kabla ya kufungua. Usiache kabisa kuyashusha: kompyuta ya sekretaria inapokea flashi za mji mzima.

Mteja ameleta flashi na faili zake zote zimegeuka njia za mkato.

Usizibofye, na usifomati. Ni virusi, lakini faili kwa kawaida ziko humo zimefichwa. Pitisha antivirusi kwanza. Kisha fungua dirisha la amri na, kama flashi ni E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Ngoja imalize, faili zitaonekana. Futa njia za mkato, nakili faili mahali safi.

Kazi za watu zilizobaki toka Juni nizifanyeje?

Hapa ndipo sekretaria nyingi zinapoteza watu bila kujua. Mwenye duka anarudi akifikiria wateja wapya, kumbe kuna mama aliyeacha dosie ya mtoto Juni na amepita mlangoni mara tatu. Kabla ya tangazo lolote, kaa na daftari saa mbili. Toa bahasha zote, kadi zote, faili zote kwenye kompyuta. Andika mistari minne kwa kila mtu: jina, alichoacha, alicholipa, kilichobaki. Kisha gawa mafungu: kazi iliyokamilika haijachukuliwa, kazi iliyolipwa nusu haijafanywa, na vitu vilivyosahauliwa.

Fungu la pili limalize kwanza, hata kama ni kazi za pesa kidogo. Mtu aliyekupa avansi Juni amekukopesha miezi miwili. Mpigie simu kabla hajakupigia: "Mama, jambo. Dosie yako iko tayari, bado franka kadhaa za kumalizia, tunafungua kazi moja (Jumatatu) saa mbili." Imetosha. Usimweleze habari za safari.

Usipandishe bei ya kazi iliyokubaliwa kabla ya vakansi. Karatasi imepanda, ndiyo. Hiyo ni hasara yako.

Vitu visivyo na mwenyewe, kama kadi na diplome, vifungie kwenye bahasha moja kabatini. Usivibandike ukutani ili mwenyewe avione. Jina, picha na tarehe ya kuzaliwa ya mtu si pambo la duka. Faili za vitambulisho zilizobaki kwenye kompyuta, futa zile ambazo kazi yake imechukuliwa, ukikumbuka kumwaga na kapu la taka.

Tangazo la mlangoni liandikwe vipi?

Fupi, herufi kubwa, siku na saa. Mtu anasoma akiwa juu ya pikipiki. Kwa mfano:

TUMERUDI. Kazi moja, saa 2 asubuhi. Fotokopi, kuchapa, skani: TAYARI. Rangi: kuanzia kazi ine. Mulioacha dosie mu Juni, zimetayarishwa: muje na risiti ao kitambulisho.

Mstari wa rangi ndio wenye thamani. Kama printa ya rangi haijapona, sema. Mtu aliyetembea kutoka Kamalondo kwa ajili ya picha na kurudi mikono mitupu hatarudi kwa sababu ulikuwa na tabasamu. Libandike siku tatu kabla, na uweke hilo hilo kwenye statusi ya WhatsApp, pamoja na picha ya mlango ukiwa wazi. Picha ya mlango inaaminika kuliko maua na "karibuni sana".

Nina ujumbe zaidi ya mia kwenye simu. Nijibu wote?

Hapana. Soma wote kwanza bila kujibu, ukiandika kwenye lile daftari. Wa Julai waliouliza "muko?" wamekwisha kupata pengine, statusi inawatosha. Wanaodai kitu jibu leo. Waliotuma faili za kuchapa, uliza kama bado wanazihitaji kabla ya kuchapa, maana karatasi zilizochapwa bila kuulizwa hakuna anayezilipa.

Bei zibadilike?

Hesabu kwanza, na usitazame bei ya jirani kabla ya kumaliza. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Rame ya franka 15,000 ni franka 30 kwa karatasi. Tona ya franka 60,000 iliyoandikwa kurasa 1,500 ni franka 40 kwa ukurasa. Lakini ahadi ya kurasa 1,500 inapimwa kwa ukurasa wenye wino kama asilimia 5, yaani barua fupi. Kopi ya kitabu cha hesabu au ya kadi yenye picha inafika asilimia 10 kwa urahisi, na tona ile ile inatoa 750, yaani franka 80. Kwa hiyo ukurasa ule ule ni franka 70 au 110 kabla ya umeme, esansi, kodi ya chumba na jasho lako. Wanaosema fotokopi haina faida mara nyingi walihesabu karatasi peke yake. Bei mpya ianze siku ya kufungua na iandikwe ukutani, isibadilike katikati ya wiki.

Mteja wa zamani amehamia kwa jirani.

Mwache. Msalimie akipita.

Mwaka kesho nifanye nini kabla ya kufunga, nisirudi kwenye haya yote?

Wiki mbili kabla, bandika siku ya kufunga na siku ya kurudi, na usipokee kazi usiyoweza kuimaliza. Siku ya mwisho zima printa ya wino kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Tafuta mtu wa kuaminika aje kila wiki mbili kuiwasha na kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, na kuchaji ondileri siku hiyo hiyo. Laptopu iachwe na chaji ya nusu, asilimia 40 hadi 60, si sifuri wala mia. Mwaga esansi ya grupe, kisha iwashe mpaka izime yenyewe kwa kukosa. Trei za karatasi zitoe, rame zifunge kwenye plastiki juu ya meza, mbali na ukuta. Chomoa kila kitu kwenye priza, na namba ya simu iliyo mlangoni iwe ile itakayokuwa wazi huko uendako.